Taabiri ya Picha: Ndoto na Ushahidi katika Michoro ya Kivuthi Mbuno wa Kitui

1. Suala lenyewe

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kusema juu ya taswira, jazanda na ishara, lakini taswira azisemazo ni za maneno. Anapowekewa picha yenyewe, iliyotiwa rangi na kutundikwa ukutani, mara nyingi hunyamaza, au huazima msamiati wa watu wengine. Makusudio ya makala haya ni kuuliza swali moja: picha yenye sura ya ndoto husomwaje? Yaani, tunapoona ndani yake mnyama aliyerefushwa kupita umbo lake, mtu asiyegusa ardhi sawasawa, au jambo lisilowezekana likitendeka bila ya mtu kushangaa, tuna haki gani ya kusema kwamba kipengele hiki kina maana hii na si ile?

Swali hili huulizwa zaidi mbele ya picha za rangi za mafuta, kwa kuwa ndizo zilizopewa heshima kubwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Sisi tutaanzia mahali pengine. Tutaanzia Ukambani, kwa msanii Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi, katika Kaunti ya Kitui ya leo, mwaka 1947, na ambaye alijenga dunia yake ya ndoto kwa wino, penseli za rangi na kalamu za nta juu ya karatasi. Kisha tutaigeukia rangi ya mafuta kwa ajili ya kulinganisha. Hatutachambua mchoro mmoja peke yake. Tutachambua lugha ya michoro yake kwa jumla, maana ishara ya msanii hujulikana kwa kurudiwarudiwa, kama neno lijulikanavyo kwa kutumika.

2. Makosa mawili ya wafasiri

Ziko njia mbili nyepesi za kufasiri picha ya ndoto, na zote mbili hupotosha.

Njia ya kwanza ni ile ya kamusi. Mfasiri huona nyoka, akasema uovu. Huona maji, akasema uhai. Huona ndege, akasema roho. Kila kitu kimeandaliwa maana yake kabla ya picha kutazamwa. Njia hii hudhaniwa kuwa ya kienyeji, lakini hata mapokeo ya taabiri yanayojulikana sana pwani hayaikubali. Katika vitabu vya ndoto vinavyonasibishwa na Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 7 na ya 8, husimuliwa kwamba watu wawili walimjia, kila mmoja akiwa ameota kuwa anaadhini. Mmoja aliambiwa kwamba atahiji. Wa pili aliambiwa kwamba ataiba. Ndoto ilikuwa moja, na waotaji walikuwa wawili. Mtabiri hakufasiri kitu. Alifasiri kitu pamoja na mtu aliyekiona.

Njia ya pili ni ya kisasa zaidi. Sigmund Freud alitoa kitabu chake cha tafsiri ya ndoto mwaka 1899. Mwaka 1924 André Breton alitangaza mjini Paris ilani ya mkondo wa Usurealisti, uliotaka msanii aiachie huru akili iliyofichika. Tangu hapo, picha yoyote yenye mambo yasiyo ya kawaida imeelekea kusomwa kama siri ya mtu binafsi: matamanio yake, hofu zake, na utoto wake. Msomaji wa namna hii akiletewa mchoro wa Mbuno huona twiga wa ajabu, akaanza kuulizia nafsi ya msanii. Haulizi nyika ya Kitui ikoje. Haulizi mtu huyu alifanya kazi gani. Hata hajui kwamba sehemu ya ile anayoiita ndoto ni jambo ambalo mkazi wa huko huliona akienda kisimani.

3. Funzo la nyoka wa Syokimau

Ukambani wenyewe una mapokeo ya kufasiri maono, na mfano mashuhuri ni utabiri wa Syokimau. Inasimuliwa kwamba mama huyo alitabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayepita nchini akitoa moshi, akitoka kwenye maji mpaka kwenye maji, na kuja kwa watu wenye ngozi ya rangi ngeni wanaobeba moto mifukoni. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kwenye vituo kama Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Kisumu mwaka 1901. Nyoka akapata jina, na moto wa mfukoni ukatambulika kuwa kibiriti.

Kwa mhakiki wa picha, simulizi hii ina funzo kubwa kuliko suala la kama utabiri ulitimia au la. Tazama jinsi wasikilizaji walivyofasiri. Hawakusema nyoka ni uovu. Walishika sifa zake: urefu, mwendo wa kutambaa, moshi, na maji pande zote mbili. Maana ilitokana na sifa hizo na uhusiano wake, haikutokana na jina la mnyama. Tena maana haikuwa mali ya mwonaji peke yake. Alitoa taswira, akaiacha mikononi mwa jamii, na historia ikaja kuikamilisha.

Tunapata hapa kanuni tutakayoifuata. Kwanza, tuieleze picha kabla ya kuifasiri. Pili, tutafute sifa na uhusiano unaorudiwa. Tatu, ndipo tulete mila, historia na maisha ya msanii, na tuvitumie kwa kadiri vinavyoeleza kile kinachoonekana. Visipokieleza, tuviache hata kama ni vitamu.

4. Vipengele vinavyoonekana

Tuanze na ardhi. Katika michoro mingi ya Mbuno ardhi ni tupu. Miti ni michache, imesimama mbalimbali, na nafasi kubwa imeachwa wazi baina ya viumbe. Mtazamaji wa mbali huuita utupu huu mandhari ya ndoto. Lakini aliyewahi kukaa Kitui ya mashariki au Kibwezi wakati wa kiangazi anajua kwamba nchi ile huonekana hivyo. Majani yameanguka, vichuguu vinasimama kama watu, na mbuyu usio na majani unaonekana kama mti uliopinduliwa mizizi juu. Huko pia yuko swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma akanyoosha shingo kulifikia jani. Basi asemaye kwamba msanii amebuni nchi isiyokuwapo amekosea kwa kutojua. Utupu ni ukweli wa nchi kabla haujawa jambo la usanii.

Hata hivyo msanii ameuchagua, na ameufanyia kazi. Mahali penye kichaka, mwindaji na mnyama huweza kufichana. Mahali palipo tupu, kila kiumbe kinaonekana na kila kingine. Utupu wa Mbuno basi unaondoa maficho.

Pili, miili. Viumbe wake wamerefushwa: shingo, miguu, hata nyuso. Jambo muhimu ni kwamba urefushaji huu haubagui. Laiti ungewahusu wanyama peke yao, tungesema wanyama wamefanywa vioja; laiti ungewahusu watu peke yao, tungesema watu wanadhihakiwa. Mbuno amewarefusha wote kwa kipimo kinachokaribiana, hata mtu na mnyama wakawa kama watu wa ukoo mmoja. Umbo hapa linafanya kazi ambayo katika hadithi za jadi hufanywa na lugha, pale sungura na fisi wanaposema na watu na hakuna msikilizaji anayeuliza wamejifunza wapi kusema.

Tatu, macho. Macho ya viumbe wake yamefumbuka sana, na yanatazamana. Mtu anamtazama mnyama, na mnyama anamtazama mtu. Katika kutazamana huko mna udadisi zaidi kuliko hofu. Kwa maoni yetu hapa ndipo ndoto inapoanza. Mnyama mrefu si ndoto, na nchi tupu si ndoto. Ndoto ni kwamba mnyama wa porini amemwona binadamu kwa karibu na hakukimbia.

Nne, mstari na rangi. Mbuno huzungushia kila umbo mstari wa wino, kisha hujaza rangi kwa mikwaruzo midogo iliyopangwa kwa subira. Kila umbo limefungwa mipaka. Mtu ni mtu, jiwe ni jiwe. Hakuna ukungu wala giza ambamo kitu kingeweza kugeuka kuwa kingine. Hili linakwenda kinyume cha matazamio yetu, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba ndoto ni jambo lisilo wazi.

5. Mpishi wa safari

Vipengele hivi vinne vinauliza swali moja: ni nani anayeweza kuiona nyika hivi? Maisha ya msanii yanatupa jibu linaloridhisha. Kabla ya kuwa mchoraji, Mbuno alikuwa mpishi katika safari za uwindaji zilizokwenda katika nyika za Kenya na Tanzania. Alianza kuchora katikati ya miaka ya 1970.

Tuitafakari kazi hiyo. Mwindaji humtazama mnyama kupitia mtutu wa bunduki. Mtalii humtazama kupitia kamera. Mpishi hubaki kambini. Mchana ana saa nyingi za kukaa kimya, na wanyama hupita. Jioni huletewa mmoja wao akiwa nyama. Hakuna mtu safarini anayeijua zaidi njia ya mnyama kutoka kuwa kiumbe mwenye macho hadi kuwa chakula. Tukikumbuka hilo, macho yale yaliyofumbuka hayatakuwa pambo tena. Yanakuwa kama dai: mnyama anatazama ili naye ahesabiwe kuwa alikuwapo. Hatusemi kwamba msanii alikusudia hivyo kwa maneno. Tunasema kwamba tafsiri hii inakieleza kile kinachorudiwa katika karatasi zake kuliko tafsiri yoyote ya matamanio yaliyofichika.

Jambo hili lina uzito wa kihistoria kwa watu wa Kitui na Makueni. Wakamba walikuwa wawindaji mashuhuri wa upinde na mishale ya sumu. Mwaka 1948 ilianzishwa mbuga ya taifa ya Tsavo, inayopakana na Kitui upande wa kusini na kufika Mtito Andei upande wa Makueni. Katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 wawindaji wa Kiwaata na wa Kikamba walisakwa na kufungwa kama majangili, wakati wageni wenye leseni waliendelea kuwinda mahali pengine nchini. Hatimaye, mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe. Kwa hiyo uhusiano wa mtu na mnyama, uliokuwa ujuzi wa kurithi, ulihukumiwa kuwa kosa. Kisha hata safari zilizomwajiri mpishi zikakoma. Michoro iliyoanzwa karibu na mwaka huo ilianza wakati mlango unafungwa.

6. Sasa na Zamani

Hapa yafaa kumwita shahidi mwingine wa Kitui. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alichagua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kuelezea dhana ya wakati katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Kwa maelezo yake, tukio halielekei mbele; hutoka katika Sasa likarudi nyuma kuingia katika Zamani. Wafu nao hubaki katika Sasa maadamu wako watu wanaowakumbuka kwa majina. Hoja yake kwamba wakati ujao karibu haumo katika fikra hizo imepingwa na wengi, na hatuna haja ya kuitetea. Tunachohitaji ni ile hali ya katikati aliyoieleza: ya kitu kilichokwisha kupita na bado kinakumbukwa kwa jina.

Wanyama na watu wa Mbuno wako katika hali hiyo. Hawana dalili ya tarehe. Hawaonyeshi kwamba jambo linatendeka leo, wala hawalii kwamba limekufa. Kwa ajili hiyo twaweza kuelewa uwazi wa mistari yake. Mtu anayebuni huweza kuacha mipaka ya vitu katika giza. Mtu anayekumbuka kwa ajili ya wengine hana ruhusa hiyo. Kila kwato lazima litajwe. Mbuno anachora ndoto kwa namna ya mtu anayetoa ushahidi barazani.

Wako watakaotaka kwenda mbali zaidi, waseme kwamba miti yake ni mathembo, mahali pa matambiko, na kwamba viumbe wake ni aimu, yaani mizimu ya Kikamba. Hatuwafuati. Aimu na ngoma ya kilumi inayochezwa kwa ajili yao ni sehemu ya mila iliyolea watu wa kizazi chake, lakini mti ukichorwa Ukambani hauwi thembo kwa sababu hiyo tu. Tukisema hivyo tutakuwa tumerudi kwenye kamusi, ingawa safari hii imeandikwa kwa Kikamba.

7. Ndoto ya mafuta na ndoto ya mstari

Sasa tulinganishe na rangi ya mafuta. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Uganda ambayo Waganda wameitumia, pamoja na mengine, kuwavika maiti. Gome hilo lina matundu, mikunjo na mishono, na msanii hayafichi. Jeraha la nguo huwa sehemu ya mwili wa mtu aliyechorwa. Katika picha yake ya mwaka 2017 inayohusu mikutano ya kisiasa ya uchaguzi wa mwaka huo nchini Kenya, watu wamepanda mtini, na mpangilio wao unakumbusha mchoro mmoja wa Goya wa watu walioketi kwenye tawi.

Rangi ya mafuta hukauka polepole. Humruhusu mchoraji kuchanganya kingo, kukwangua, kufunika, na kuacha umbo la jana lionekane chini ya umbo la leo. Kwa hiyo ndoto ya mafuta ni ndoto ya mashaka: twauliza kama tulichokiona ni mkono au tawi, ni uso au kivuli. Sifa hiyo inamfaa Armitage, maana anachora siasa ya siku zetu, ambamo mashahidi wenyewe hawakubaliani. Wino wa Mbuno haufutiki. Mstari ukishapita umepita, kama neno lililokwisha kusemwa. Ndoto yake ni ya yakini.

Tofauti hii ni ya kazi, si ya daraja. Mazoea ya kuiweka rangi ya mafuta juu na penseli ya rangi chini, kana kwamba ya pili ni chombo cha watoto, yamewafanya wengi kumwita Mbuno msanii wa kitoto. Hukumu hiyo inapima bei ya chombo na kusahau kuuliza kimefanya kazi gani. Laiti angetumia mafuta akalainisha kingo zake, angepoteza kile kinachoifanya picha yake isadikike.

8. Pingamizi na hitimisho

Yaweza kusemwa kwamba tumemfungia msanii katika kabila lake na kazi yake ya zamani, wakati msanii ni huru. Pingamizi hili ni la haki, nasi twalikubali kwa kiasi. Mbuno hakuchora ripoti juu ya sheria za wanyamapori, na mtazamaji asiyejua lolote juu ya Tsavo anaweza kuguswa na macho ya viumbe wake. Lakini kuguswa si kufahamu. Linganisha michoro hii na vinyago vya Kikamba vya biashara, vilivyoenea tangu Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos, aliporudi na ujuzi alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Twiga wa kinyago husimama peke yake juu ya meza ya mnunuzi. Amechongwa kwa ustadi, lakini hana wa kumtazama. Twiga wa Mbuno yuko na mtu mbele yake, naye hawezi kueleweka bila ya mtu huyo. Tukimsoma nje ya nchi yake na historia yake, tutakuwa tumemgeuza kuwa twiga wa mezani.

Hatari hiyo si ya kudhaniwa tu. Michoro yake imeingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi, ulioanzwa baada ya maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1989 na kuwekwa Geneva, na imeonyeshwa Ulaya na Marekani. Kwa wanafunzi wengi wa Kitui na Makueni, njia ya kuifikia ni nakala zilizochapwa tu. Ndiyo kusema wale wenye kujua ardhi tupu, swala twiga na tembo wanaovunja ua wa shamba ndio wasioulizwa picha zina maana gani.

Idara zetu za lugha zina wajibu katika jambo hili. Mwanafunzi anayefundishwa kuchambua taswira katika shairi anaweza kufundishwa kuzichambua katika picha, kwa hatua zile zile tatu: aeleze anachokiona, atafute kinachorudiwa, kisha alete anachokijua juu ya watu na nchi. Nakala za michoro ya Mbuno ziletwe darasani Mwingi, Kibwezi na Wote, na maelezo ya wanafunzi yaandikwe kwa Kiswahili na Kikamba kabla ya kuonyeshwa yale yaliyoandikwa na wageni. Huenda wakatupa majibu yatakayoibomoa tafsiri tuliyoitoa hapa. Taswira ya Syokimau ilifasiriwa na watu ambao reli ilipita mlangoni mwao. Na ya Mbuno ipewe nafasi hiyo hiyo.